Mkwe wa Mafuta ya Hewa

Sokoni Port Victoria,
Kaunti ya Busia.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Griffins,

Salamu kutoka huku ziwani. Unaendeleaje na baridi ya Hamburg, na kile kifua kimepona? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua akienda kanisani, akirudi halimsumbui.

Jumamosi nilifunga pampu yangu ya petroli, siku ambayo boti kumi na nne hujaza, nikaenda Ahero kuwa jagam wako, mshenga, nikuposee Maryanne kama ulivyoniomba. Mimi nilianza kwa kuuza petroli kwenye chupa za soda, na hata wakati huo aibu kama ile ya Ahero sikuiona.

Babake, Mzee Odongo, aliuliza kazi yako. Nikasoma ulivyoandika kwenye WhatsApp ya familia, neno kwa neno: "Natengeneza mafuta ya hewa." Omera, ndugu yangu, nani alikufunza Kiswahili? Huku wafanyakazi hewa ni wale wasiokuwepo, na shamba hewa ni lile wanalouziwa wajinga. Wajomba wakatazamana.

Nikaeleza kwamba mnanasa kaboni dayoksaidi, ile hewa ya moshi wa viwanda, mnaichanganya na haidrojeni mliyoitoa kwenye maji kwa nguvu za umeme, na yanatoka mafuta kamili ya injini. Lakini Mzee ana mashine ya kukoboa mpunga. Akauliza umeme unaingia ngapi, nguvu inatoka ngapi. Sijui kudanganya kwa hesabu. Nikasema ukiweka mia, kwenye mafuta inabaki kama arobaini na tano, na injini ikishakula yake unapata kumi na tano hivi.

"Mama," akaniuliza, "themanini na tano zimeenda wapi?"

"Nyingi ni joto, Mzee."

"Na hapa Ahero tumekosa joto? Si umeme aupeleke moja kwa moja kwa injini?"

Nikasema kwa boti ni sawa, lakini kwa ndege za safari ndefu betri ni nzito mno.

"Ndege gani? Hizo ambazo hazijamleta nyumbani miaka minne?"

Nikaona ujitetee mwenyewe. Nikakupigia mara tatu mbele ya watu kumi na mmoja. Mzee akatikisa kichwa. "Anatengeneza hewa, na hewani hapatikani."

Wajomba wakaanza kumtaja mwalimu mmoja wa Kisian, ambaye angalau anaonekana kwa macho. Maryanne akaweka birika chini. "Baba, huyo mwalimu simtaki. Mpe Griffins mpaka Desemba."

Mzee amekubali, mradi ukae mwenyewe kwenye kile kiti nilichokalia mimi. Nikawaambia utafika tarehe ishirini Desemba. Sikukuuliza, na sikuulizi. Maryanne ameshampelekea fundi kitambaa.

Wanangu Rosa na Oduor wanakusalimu, na Mama anakuombea kila siku. Mungu akulinde kazini, na akupandishe ndege, iwe ya mafuta yoyote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,
Dorca