Mgongo wa Baba

Nyumba ya Marehemu Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada Sindano,

Salamu kwanza, umbea baadaye. U hali gani huko kwenye baridi? Shemeji je, na wapwa zangu? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo haujapata hata mafua. Mimi nazidi kuwa kijana. Vioo vya siku hizi ndivyo vibovu.

Sasa sikiliza. Kuna mama mmoja, mhariri, anakusanya maisha ya wasanifu majengo wa kwanza wa nchi hii ayatie kwenye kitabu kimoja kikubwa. Kila mtu na ukurasa wake, na picha yake. Akapiga hodi kumuulizia Baba. Akanikuta mimi, bahati yake. Nilimhadithia kutwa nzima mpaka kalamu ikamwishia wino. Shule na mimi tulikosana mapema, unajua, lakini habari za majengo nimelala nazo chumba kimoja.

Balaa likaja kwenye picha. Nilikuwa nimejigamba tunazo sanduku zima, nikazimwaga mezani. Dada, hivi hatukuwahi kuzitazama? Kila picha Baba kaipa kamera mgongo. Shule, posta, hospitali: wakubwa wote wamekenua, yeye kageukia jengo. Hata ile ya harusi yupo anakagua paa la ukumbi. Ya kitambulisho mchwa wamekula uso tu, kama waliotumwa.

Yule mama akaniuliza taratibu, "Kaka, mzee alikuwa na uso?"

"Alikuwa nao. Huu hapa, nimeurithi. Nipige mimi, tumbo tutalikata."

Akacheka, lakini hakulegea. Asiye na uso hapewi ukurasa. Atabaki jina tu mwishoni, kwa herufi ndogo. Baba yetu, herufi ndogo!

Nikakumbuka maneno yako siku ya mazishi, kwamba Baba alipenda kuta kuliko watoto. Yaliniuma. Sasa mgongo ule ukawa shahidi wako.

Basi yule mama akatoa lenzi yake, akaishika picha ya ufunguzi wa maktaba. "Na huyu dirishani ni nani?"

Nilikodoa mpaka jicho likatoa machozi. Dirisha la juu kabisa liko wazi, mkono mdogo unapunga, na kichwa kina vile vifundo viwili alivyokuwa akikusuka Mama.

Unakumbuka? Kabla ya kukabidhi jengo, Baba alitutuma sisi kulijaribu. Wewe ngazi na madirisha, mimi mabomba. Kwa hiyo wewe ulirudi na vumbi, mimi nimelowa kama kuku wa mvua. "Jengo likimshinda mtoto," alikuwa akisema, "limenishinda mimi." Siku ile wageni waliwahi kufika, nawe bado uko juu na dirisha la mwisho. Mpiga picha anasema tazameni huku, Baba anakutazama wewe.

Jana nilimpeleka yule mama maktaba. Tukapanda hadi juu. Dirisha lile lile, rangi imebanduka, wasomaji wamejaa. Nilikuwa nimeliandalia bega la kulisukuma. Nikaligusa kwa kidole, likafunguka. Nikatazama chini pale aliposimama Baba, nikajikuta napunga mkono. Ndiyo, mimi. Hata yule mama alishangaa.

Amekubali mgongo uingie, na ukurasa wake kamili, kwa sharti moja: chini ya picha yawepo maneno ya yule aliyekuwa dirishani. Mimi kanikataza nisiyatunge, keshanijua. Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa mwezi ujao. Andika hata mistari mitatu, Dada. Usipotaka kumsifu, usimsifu. Mwambie tu yule mama, mzee alikuwa na uso gani, maana katika umati wote ule, ni wewe peke yako uliyeuona.

Mama anakusalimu, yuko hapa ubavuni ananihimiza niandike kwa mwandiko wa kusomeka. Shangazi Mdogo na jirani yetu Seremala nao hawako nyuma. Wabusu wapwa, waambie mjomba wao bado ndiye mzuri wa ukoo. Mungu akufungulie kila lililofungwa, kwa kidole kimoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojipenda, na unajua hiyo si kidogo,

Bingwa