Tangi la Robert

Nyumba za Kiwanda, Kericho
4 Februari 2024

Kwako Mama Robert,

Salamu zikufikie wewe, mama mkwe na wote hapo nyumbani. Natumai kikohozi cha mama kimepungua na ng'ombe amezaa salama. Mimi afya ninayo. Mvua imekawia, majani ya chai ni machache, kiwandani tunazima mashine mapema.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana. Omariba anapita hapo Kimulot na lori la majani, naye amekubali kutubebea barua. Aliniuliza, "Opondo, mke ana simu, wewe una simu, mnatumiana karatasi kama watu wa zamani?" Nikamwambia kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza mwenzake.

Siku uliyoondoka ulisimama mlangoni na mfuko wako ukasema, "Hayo maji yakinyamaza, nitarudi." Nimelichukua neno lako jinsi lilivyo. Tangu tumzike Robert mwezi wa kumi na moja sijapata jambo ninaloweza kulishika kwa mkono. Hili naliweza. Mimi ni fundi wa boila, na mabomba ndiyo kazi yangu.

Leo baada ya kanisa nimekaa mbele ya tangi la samaki la Robert nikisikiliza kelele inatoka wapi. Bomba la kushusha maji linafyonza hewa pamoja na maji, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Halafu maji hayo yanaanguka kwa kishindo katika lile tangi dogo la chini, ndani ya kabati. Pampu nayo inapoyarudisha juu, bomba lake lina kitundu karibu na uso wa maji, na kitundu hicho kinapuliza. Isitoshe, tangi lenyewe ni refu kuliko kitanda na halina kifuniko, kwa hiyo kila sauti inatoka wazi. Wale wa hoteli walipotugawia tangi hili walibaki na vifuniko vyake, sijui kwa nini.

Samaki wa Robert, wale fulu, ni wazima. Yule mwenye mkia mwekundu bado anafukuza wenzake.

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Mimi mumeo,
Baba Robert


Kimulot
15 Februari 2024

Baba Robert,

Chamgei. Barua nimepata. Mama amepata nafuu. Ng'ombe alizaa dume, na mama amenuna kana kwamba ni mimi niliyemwambia ng'ombe azae dume. Ndugu yangu Kipkemoi anakusalimu, anauliza kama bado unaishi na samaki. Nilimwambia ndiyo, wao hawajamkimbia. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Tengeneza, lakini ujue ninachokikimbia. Tulizungumza mengi wakati wa matanga na hili sikulisema mbele ya watu wako.

Ile asubuhi Robert alikuwa kwenye kochi kati ya tangi na dirisha, maana hapo ndipo alipopenda. Selimundu ilikuwa imemshika kifua tangu jana yake, lakini alikuwa amekunywa dawa, na akaniambia, "Mama, nenda tu, niko sawa." Nikaenda jikoni kusuuza vyombo na kumpikia uji. Dorcus wa nyumba ya pili alikuwa nje ya dirisha akianika nguo. Alimsikia akiita, "Mama," halafu tena, "Mama." Alidhani nimeitika. Yeye alikuwa nje akasikia. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ileile, sikusikia ila maji. Nilipofika na uji alikuwa ameshakwenda.

Mlimpeleka kwenu Nyakach akazikwa katika boma la baba yako, kwa sababu ndivyo mnavyofanya. Sikukataa. Lakini mimi huku sina kaburi la kupalilia. Nina lile tangi tu, na siwezi kukaa nalo chumba kimoja. Usiliuze, wala usimpe mtu. Linyamazishe.

Mama Robert


Kericho
3 Machi 2024

Mama Robert mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mkiwa wazima. Hapa mvua imeanza, kila mchana saa nane, na mawe ya mvua yalipiga majani ya upande wa Sigowet. Mimi nina mafua kidogo tu.

Ulichoniandikia nimekisoma. Sasa nakueleza kazi.

Bomba linaloangusha maji katika tangi la chini nimelirefusha hadi likazama, na kishindo kimekwisha. Kabati nimelivalisha godoro kuukuu kwa ndani. Kile kitundu kilichokuwa kikipuliza nimekiziba kwa gundi ya mabomba. Sijui wa hoteli walikiacha vipi hivyo. Mimi nikisikia shimo linapuliza huwa naliziba kabla sijauliza. Kwenye boila shimo kama hilo humchoma mtu uso. Kumebaki lile bomba linalofyonza hewa, ambalo ndilo lenye sauti kubwa.

Vifuniko navyo nimeanza. Nimepata vipande vya plastiki nyeupe vilivyobaki walipoezeka upya kitalu cha miche ya chai. Ni vyepesi na taa inapenya.

Nadhani Pasaka utakuwa hapa.

Baba Robert


Kericho
17 Machi 2024

Mama Robert,

Salamu, ingawa hujanijibu ile ya mwanzo wa mwezi. Mama anaendeleaje?

Nina habari mbaya, na ni afadhali uipate kwangu. Jumanne stima ilipotea nikiwa zamu. Dorcus aliona maji yakitoka chini ya mlango wetu, akamtuma mtu kiwandani. Nilipofika sebule ilikuwa bwawa, tangi la juu limebaki na maji ya kufika kifundo cha mguu, na samaki wamelala ubavu.

Kile kitundu hakikuwa kasoro. Kiliwekwa makusudi. Pampu ikizimika, maji hutaka kurudi chini kupitia bomba lilelile, na kitundu ndicho kinacholiingiza hewa ili mvuto ukatike. Nilipokiziba, hakukuwa na cha kuyazuia. Yalishuka hadi tangi dogo likafurika.

Waliobaki hawafiki nusu. Mwekundu hayumo. Nimewazika nyuma ya nyumba, chini ya ule ua wa majani chai, sikuwatupa.

Sijaacha kazi. Nisamehe.

Baba Robert


Kimulot
24 Machi 2024

Baba Robert,

Sote tuko hai huku. Omariba aliitoa habari kabla ya kutoa barua yako. Alimwambia Kipkemoi, "Shemeji yako amevua samaki sebuleni," na mama akamfukuza na fagio hadi kwenye lori. Usimkasirikie. Hakujua mimi niko nyuma ya mlango.

Ninajua ulivyokuwa umepiga magoti katika yale maji bila mtu kukuona. Pole. Robert angekucheka kwanza, kisha angeleta ndoo.

Maliza ulichoanza. Sijabadilisha neno langu.

Mama Robert


Kericho
14 Aprili 2024

Mke wangu,

Habari za huko? Pasaka ilipita, nilikula kwa Dorcus. Nimepona mafua.

Maji yamenyamaza.

Nimeweka valvu kwenye bomba la kushusha. Ukiifunga kidogo kidogo unafika mahali ambapo bomba linajaa maji matupu, hewa haipati nafasi, na ule mfyonzo unakatika ghafla kama mtoto aliyewekewa ziwa mdomoni. Pembeni nimeweka bomba la pili, la juu zaidi, ambalo hukaa kavu likingoja. La kwanza likiziba, la pili linapokea. Kitundu nimekifungua tena, ila nimekishusha chini kidogo ya uso wa maji. Hakipulizi, na stima ikipotea bado kinafanya kazi yake. Nimezima stima mwenyewe mara nyingi nikiangalia.

Vifuniko ni vitatu. Vya kwanza vilijikunja kwa mvuke, nikaviwekea fremu ya alumini. Kimoja kina mlango mdogo wa kulishia. Tangu viwepo, hata ule ukungu wa ukutani umekauka.

Nikizima redio nasikia saa ya ukutani, na majirani wakifunga mlango. Mama Robert, kazi yenyewe, ukitoa makosa yangu, ni ya Jumamosi moja. Njoo usikilize. Ufunguo mwingine uko kwa Dorcus.

Nakungoja,
Baba Robert


Kimulot
6 Mei 2024

Baba Robert,

Natumai u mzima. Sisi tunashukuru, mama anatembea hadi kituo cha kupimia majani na kurudi.

Nilikuja Jumatano, ukiwa zamu. Dorcus aliponipa ufunguo aliuliza, "Sasa umerudi?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza.

Ni kimya kweli. Nilikaa kwenye kochi hadi nikaogopa. Kisha nikamwita Dorcus, nikamwambia akae pale nilipokuwa, mimi niende jikoni, na aite "Mama" kwa sauti ya mgonjwa. Akasema, "Wewe Chepkemoi, usinifanyie hivyo." Nikamwambia, "Ita." Nilifungua mfereji, nikaanza kusuuza kikombe. Akaita. Nilisikia mara ya kwanza, na mfereji ukiwa wazi.

Unasema ni kazi ya Jumamosi moja. Mwaka jana, Robert alipoanza kulala sebuleni, nilikuambia, "Simsikii mtoto kwa hayo maji." Ulikuwa unakunywa chai. Ulisema maji yana sauti yake, hakuna fundi wa kuyanyamazisha. Nilikuambia tena mwezi wa nane, na tena. Nilikuamini kwa sababu wewe ndiye unayejua mabomba. Hata sharti nililokupa mlangoni nililitoa nikijua haliwezekani. Ungejaribu ukashindwa, ningerudi hivyo hivyo. Ningekaa na ile kelele hadi nizeeke, nikijua hakuna mtu ambaye angeizuia.

Sasa siwezi. Sikuchukii, na mama anakataza nikuseme vibaya. Lakini kila nikikaa katika kimya kile nitakuwa namsikia akiita, na nitakuangalia wewe.

Vifuniko ni vizuri. Kimoja upande wa dirisha kina ncha kali kwenye kona. Ipige tupa, itakukata unapowalisha.

Omariba nimemwambia asisimamishe lori hapa tena.

Chepkemoi