Maumivu Namba Mbili

Chumba cha Kompyuta,
Wodi ya Watoto,
Jumapili.

Mpendwa dada yangu,

Kabla ya salamu, ujue kwanza unasoma barua ya nani. Hospitali hii ina madaktari waliosoma mpaka wakaota vipara, lakini kompyuta ikigoma wote wanapanga foleni kama watoto wa chekechea kumngoja mdogo wako wa kidato cha pili. Nikipiga chafya, wodi nzima inazimika.

Haya, shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo umepona, au bado unatembea kama kaa? Sisi wazima. Mama anagomba kutwa, kwa hiyo afya anayo.

Najua mimi unaniruka tu, unatafuta habari za mwanao. Bwana Mdogo anaendelea vizuri. Ule mguu aliouvunja alipodondoka ukutani bado umo kwenye plasta, na jana alimaliza sahani yake akaanza kuitolea macho ya jirani. Wiki nzima ukipiga simu tulikujibu kwamba hana shida. Jumanne alikuwa nayo, na ilikuwa kubwa. Mama ameapa hakuambii, basi nakuambia mimi.

Siku hizi mafaili ya karatasi yameisha, kila mtoto yumo kwenye kompyuta. Muuguzi anamwonyesha mtoto picha za nyuso, kuanzia inayocheka mpaka inayolia, mtoto anagusa ya kwake, muuguzi anaingiza namba. Sifuri, haumwi. Kumi, hali si hali. Namba ikipanda skrini inakuwa nyekundu, daktari anaiona hata akiwa jengo jingine. Mimi likizo hii kibarua changu ndicho hicho: nachaji mashine, nafuta vumbi na kuwafundisha masista kubonyeza. Usicheke. Sista wa zamu alikuwa anatafuta herufi kama mtu anayechambua mchele.

Basi Jumanne asubuhi, baada ya sindano, Bwana Mdogo alikuwa na mbili. Mchana mbili. Jioni mbili. Daktari kijana akasimama mlangoni, akatazama skrini, akapunguza dawa.

Mama akamwambia, "Daktari, huyu mtoto kelele zake nazijua. Akinyamaza hivi anaumwa."

"Mama, rekodi inasema mbili."

"Hiyo mbili kaulizwa nani?"

Sista akaanza kuangalia viatu vyake. Daktari, nampa haki yake, aliingia, akakaa kitandani na kuzichukua zile picha. Mwanao alikuwa ameng'ang'ania shuka kwa mikono miwili, jasho limemjaa puani. Akaweka kidole kwenye uso wa mwisho kabisa.

"Mbona hukusema, baba?"

"Nilikuwa nangoja waje na picha."

Mguu ulikuwa umevimba ndani ya plasta, plasta ikabana. Wakaipasua palepale, wakamchoma sindano, akalala. Daktari wa mifupa alisema wangechelewa mpaka asubuhi, mguu ungeharibika. Haukuharibika. Vidole anavichezesha vyote vitano, na mimi ananitukana kama zamani, kwamba mjomba una masikio ya popo.

Shemeji msalimie sana, mwambie viatu alivyoniahidi miguu yangu bado inavikumbuka. Mama anakusalimu, na shangazi naye, anayesema umenenepa kwenye picha. Mungu akutunze huko uliko na akurudishe ukiwa mzima.

Limebaki moja. Masista si wavivu, dada. Wako wawili kwa vitanda ishirini. Kwenye kompyuta kulikuwa na kitufe kinachorudia namba ya zamu iliyopita bila mtoto kuulizwa. Hawakukijua. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Niliwaambia, "Bonyezeni hapa, mmemaliza, mkanywe chai," wakanipigia makofi.

Wakubwa wamekiondoa kitufe na wamempa sista barua ya onyo. Mama hamsalimii tena. Nilikuwa nimesimama pale pale mama alipouliza ile mbili kaulizwa nani, waya mkononi, na mpaka leo sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukikasirika,

Mjomba wa Bwana Mdogo