Niliagiza Matandazo, Mama Mkwe Akaja na Matandiko

Mshauri, shikamoo. Gazeti lako tunalisoma hapa kinyozini kila wiki, na mimi ndiye ninayelisoma kwa sauti huku wateja wakingoja zamu, tena huwa nawacheka wanaokuandikia, lakini safari hii zamu imenifikia mwenyewe na maji yamenifika shingoni, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikaripia.

Mimi ni kinyozi, nina mke na watoto wawili, tunakaa ghorofa ya tatu, na juu yetu kuna paa la zege lenye tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Huko juu nina ndoo kumi na nne zilizokuwa za rangi, mabeseni matatu yaliyopasuka na dumu moja nililolikata ubavuni, na humo nalima nyanya, mchicha na pilipili hoho bila dawa ya dukani na bila kuchimbua udongo. Nasema bila kuchimbua kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Nilifundishwa na bwana shamba mmoja ninayemnyoa kila mwezi, akaniambia udongo wa kwenye ndoo una nyungunyungu na vijidudu ambavyo vimeshajipanga humo ndani, ukiuvuruga unavibomolea nyumba, kwa hiyo ukishavuna unakata shina chini kabisa, mizizi unaiacha ioze palepale, juu unaongeza mboji, na juu ya mboji unaweka matandazo, yaani nyasi kavu za kufunikia, ili jua lisiupige udongo kichwani. Hilo neno matandazo nililipenda mno. Nilianza kulitamka hata mahali ambapo halikuhitajika.

Shida ni kwamba nyasi kavu huku kwetu hazipatikani, ndipo nikamkumbuka mama mkwe, mama yake mke wangu, aliyekuwa akiishi peke yake tangu mzee wake afariki, kule kijijini alikolima kwa jembe la mkono miaka arobaini. Nikampigia simu, na simu ilikuwa ikikatikakatika. Nikamwambia nina shida na matandazo. Akaniuliza kama nataka yale yake. Nikamwambia ndiyo mama, hayohayo, leta yote uliyonayo, huku kwetu nafasi ipo tele. Akasema taratibu, "Mungu akuweke, baba." Mimi nikajisemea, kumbe nyasi kavu zina baraka nyingi hivi.

Siku ya nne mke wangu akanipigia simu kazini, anacheka na kulia kwa pamoja, ananitaka nyumbani upesi. Nikamwacha mteja na nusu ya kichwa, nikapanda ngazi mbiombio, nikamkuta mama mkwe amekaa sebuleni, na pembeni yake godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, shuka mbili, blanketi, mto na chandarua. Unyasi hata mmoja haukuwepo. Mimi nilisema matandazo, mwenzangu akasikia matandiko, na mtu ukimwambia alete matandiko yake yote, kwamba nafasi ipo tele, ataelewa nini zaidi ya kwamba umemwita aje kuishi kwako? Mke wangu akanishika mkono mbele ya mama yake, akasema hajawahi kusikia mwanamume aliyemwita mama mkwe wake bila kusukumwa na mtu. Mshauri, nilifungua mdomo niseme ukweli, nikaufunga. Nikakubali sifa zote, na jioni ile nikaongezewa chakula.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita ya kimyakimya. Narudi kutoka kazini nakuta mama amepanda paani na kijembe, ndoo nne amezichimbua mpaka chini, mizizi yote ameing'oa na kuitupa, udongo umekaa wazi unakauka. Akaniuliza mtu mzima anaachaje visiki shambani. Nami sibishani na mama mkwe, nikamweleza kwa adabu habari za vijidudu na nyumba zao, akanisikiliza kama mtu anayesimuliwa ndoto na mtoto, kisha tukakubaliana kwamba hizo nne zilizochimbuliwa ni za kwake, zilizobaki ni zangu, tuone.

Kwa tamaa ya kumshinda nikajiharibia mwenyewe. Seremala wa chini alinipa gunia la maranda ya mbao, na badala ya kuyatandaza juu kama nilivyofundishwa, nikajaza upya ndoo sita kwa udongo uliochanganywa na maranda hayo, na nywele za kinyozini nikazitia humohumo, nikijiona mtaalamu. Wiki ya tatu majani yote ya ndoo zile sita yakawa ya njano. Nilijua atanicheka. Hakunicheka. Alichota udongo kidogo, akaunusa, akausugua kati ya vidole, akaniambia, "Huu udongo una njaa, mwanangu. Umeupa mbao utafune, na nguvu za kutafuna unaziiba kwa mche." Kesho yake akaenda mwenyewe kwa mfuga mbuzi nyuma ya soko, akarudi na samadi ya zamani, nyeusi, isiyonuka, akailoweka kwenye ndoo wiki nzima, akaizimua kwa maji na kunywesha miche yangu kikombe kimoja kimoja. Yangu, mshauri, wakati ya kwake inaungua na jua. Maana ndoo zake zile nne zilikuwa zinapasuka udongo kila adhuhuri, akimwagilia asubuhi jioni zimekauka, na zangu za zamani, nilizozifunika juu kwa maranda yaliyobaki, nilikuwa namwagilia mara mbili kwa wiki tu. Siku moja nikamkuta ametoka kwa mfagiaji wa shule ya jirani na gunia la majani makavu, anafunika ndoo zake. Nikamsaidia.

Basi sikia ushindi. Kiangazi kikaja, bomba likawa linatoa maji siku mbili kwa wiki, vyungu vya watu kwenye vibaraza vyote vikakauka, na paa letu likawa kijani tupu. Nyanya zilizaa mpaka tukachana aproni zangu kuukuu tupate vitambaa vya kufungia matawi. Siku ya kuvuna tulijaza mabeseni matatu ya kufulia, wapangaji wakapanda ngazi kutoka ghorofa zote waje kuangalia, na aliyekuwa katikati anatoa maelezo ni mama mkwe, mikono kiunoni, akiwaambia, "Sisi hapa hatuchimbui. Tunaweka matandazo." Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Watu walipoondoka akaniuliza, "Hivi hili neno matandazo, baba, ulilijua lini?" Nikamjibu siku nyingi. Akacheka peke yake mpaka akafuta machozi, akaendelea kuchambua nyanya.

Amekaa kwetu miezi minne sasa na hana usumbufu wowote, watoto hawataki kulishwa na mtu mwingine, na ni msafi ajabu, maana mpaka leo kila asubuhi anakunja godoro lake na kulifunga kamba ileile aliyokuja nayo. Sasa shemeji yangu, mtoto wake wa kwanza wa kiume, amepiga simu. Anasema watu wanamsema kwamba mama yake anahemea chakula kwa mkwe wakati yeye yuko hai, na Jumapili anakuja kumchukua. Mama amemjibu, "Mkwe wangu aliniita mwenyewe kwa simu. Akiniambia niondoke, nitaondoka." Shemeji amenigeukia, anataka nimjibu neno moja, nilimwita au sikumwita. Nikisema nilimwita nimesema uongo mbele ya mtu mzima. Nikisema sikumwita, mama anaumbuka mbele ya mwanawe na anaondoka, na mimi sitaki aondoke. Nampenda yule mama, mshauri, nimeshasema. Nifanye nini? Na zile ndoo sita nizimwage nianze upya?

Ni mimi, Kinyozi wa Ghorofa ya Tatu.

*

Marahaba, Kinyozi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka sana, na utaona kwa nini.

Tuanze na ndoo, maana hizo ni rahisi kuliko wewe. Usimwage kitu. Maranda yakiwa ndani ya udongo ni mzigo, yakiwa juu ni blanketi, na hilo ulifundishwa ukalisahau kwa kiherehere. Lakini yameshaingia, na mama yako ameshayatibu kwa samadi iliyooza. Endelea kunywesha hivyohivyo mara moja kwa wiki mbili, na msimu ujao yatakuwa yamegeuka mboji. Ukiuchimbua udongo kuyatoa utafanya kosa la pili juu ya la kwanza. Nywele si mbaya, zinaoza polepole na kulisha, ila ziweke chache, zilizotawanywa chini ya matandazo, si bonge linalozuia maji kama kofia ya mvua, na za watu waliopaka rangi kichwani tupa. Samadi mbichi ya kuku usiisogelee, itaunguza mizizi. Majivu kiganja kimoja kwa ndoo kwa msimu, usijidanganye kwamba yakizidi ndiyo mazuri. Maganda ya mayai yasage yawe unga, usitupie vipande kama unalisha paa. Majani makavu ya yule mfagiaji ni dhahabu, endelea kumfuata, yakate madogo na yatandaze unene wa vidole vinne, ila acha nafasi ya kidole kuzunguka shina lisije likaoza. Na nyasi zilizokwisha kutoa mbegu usizipandishe huko juu, utavuna magugu.

Sasa wewe. Ungesema nyasi, Kinyozi. Nyasi kavu za kufunikia. Mama aliyelima miaka arobaini unampigia simu mbovu kumrushia neno la bwana shamba, ili aone mkwe wake ni msomi. Kisha ulipoona godoro ukanyamaza ukala na chakula cha nyongeza. Miezi minne umetembea na kilemba cha ukoka, na ukoka wenyewe hukuletewa. Nakukaripia, na umestahili.

Lakini kuna jambo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuliona. Unadhani unamficha mama yako siri. Mwanamke anayesimama paani kuwaeleza wapangaji maana ya matandazo, akakuuliza ulilijua lini neno hilo, akacheka mpaka machozi, huyo bado hajajua? Amejua, mwanangu. Amejua tangu siku aliyokusikia ukilitamka na kukuona umeshika majani. Amejua kwamba alikuja bila kuitwa, na hakusema, kwa sababu alikuwa anangoja kuona kama utamwita. Na wewe unaniambia ni usafi. Mtu aliyefika kwake hafungi godoro kamba kila asubuhi. Yule anaamka kila siku tayari kuondoka, iwapo siku hiyo ndiyo utakayomwambia. Anainywesha miche yako akiwa na safari mguuni. Niliposoma hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Kwa hiyo swali la shemeji yako liache kwanza, si hilo la kujibiwa mwanzo. Fanya hivi, na usipunguze hata kimoja. Ijumaa funga kazi mapema, wateja wasubiri, nywele hazikimbii. Mwambie mkeo kila kitu kabla hujapanda paani. Atakasirika kidogo, kisha atacheka, na akikasirika sana umeyataka mwenyewe. Halafu pandeni wote wawili alipo mama. Usisimame, kaa chini, hata kama ni juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mwambie ukweli wa simu ile, wote, bila kuupamba, na umwombe radhi kwa miezi minne ya kunyamaza. Usijitetee kwa mtandao. Kisha, kabla hajakujibu, mwite. Mwite kwa maneno mepesi ambayo hata simu mbovu isingeyapoteza: mama, tunakuomba uishi na sisi. Halafu nyamaza, yeye ndiye mwenye kuamua. Akisema anataka kurudi na mwanawe, mbebee mizigo kwa heshima na uende kumtembelea. Lakini sidhani atasema hivyo.

Akikubali, Jumamosi kitanda kiwe kimeingia nyumbani, kitanda cha kweli, cha mbao, na wewe ndiye utakayekipandisha ngazi. Mama mzima miezi minne sakafuni, na mwenye nyumba unalalamikia nyasi.

Na shemeji akija Jumapili, mpokee vizuri, usimshushe, naye ana haki ya kumtaka mama yake. Mpandishe paani aone. Mpe nyanya za kurudi nazo, na mkubaliane mama awe anakwenda kwake kila akipenda, maana hamgawani shamba hapo. Akikuuliza kama ulimwita, mtazame machoni umjibu ndiyo. Akikuuliza lini, mwambie Ijumaa.