Swali la mwisho la Oyoo

Elsie, bado niko hapa kwenye saiba, duka la intaneti, ya Noonkopir.

Oyoo ameyaharibu mashindano ya maswali kuhusu Kenya kwenye kundi la mtandaoni la wanafunzi wangu; zamu ya kuuliza ilikuwa yake. Aliuliza ni jamii gani isiyotamka jina la marehemu wake. Naserian, aliyeketi kando yangu, akawa wa kwanza kujibu: "Ni sisi Wamaasai." Alama zake zikawa sawa na za Ajwang, aliyekuwa akiongoza.

Ndipo Oyoo akaandika swali la mwisho: "Baba yake Naserian aliitwa nani?"

Baba yake, Elsie. Tuliyemzika mwezi uliopita. Oyoo alikuwepo. Alibeba jeneza.

Nikamwandikia, "Oyoo, acha." Akajibu, "Madam, ni mchezo tu. Naserian, kwani humjui babako?"

Ajwang akaandika jina. Kisha wengine wote wakaliandika, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka alama. Jina hilo likajaa kwenye skrini.

Naserian akalifunika kwa kiganja. Liliendelea kupanda kati ya vidole vyake, likifuatwa na pongezi za wenzake kwa Ajwang, mshindi.