Kumbukumbu za Kikao Kuhusu Meza ya Dirishani ya Fundi Magauni

KIKUNDI CHA MAFUNDI CHEREHANI
Tarehe: 14 Septemba
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Fundi Suruali na wanachama wengine wanne
Asiyekuwepo: Fundi Magauni (mgonjwa, yuko kwa mama yake)

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na nusu alasiri.

KUMB. NA. 2/9: YATOKANAYO – KIOTA CHA NYIGU
Mwenyekiti alieleza kwamba kiota kilichokuwa darini kimeondolewa. Katibu alikumbusha kwamba Mwenyekiti aliambiwa habari za kiota hicho mara mbili kabla Fundi Magauni hajaumwa na nyigu. Mwenyekiti alisema hilo limeshasikika.

KUMB. NA. 3/9: HALI YA MGONJWA
Katibu, ambaye ni wifi yake, alieleza kwamba uvimbe wa shingoni uliisha kwa siku mbili, kila mtu akasahau. Wiki iliyofuata vidole vya miguu vilianza kufa ganzi, magoti yakaisha nguvu, kisha mikono. Daktari alisema kinga ya mwili, baada ya kuchokozwa na sumu ya nyigu, iligeukia mishipa ya fahamu. Hali hiyo huwapata watu wachache mno, na wengi hupona, ila polepole. Sasa ni mwezi wa saba tangu augue. Kijiko anakishika, sindano bado.

KUMB. NA. 4/9: MEZA YA DIRISHANI
Fundi Suruali aliomba apewe meza ya Fundi Magauni pamoja na cherehani yake, kwa kuwa mlangoni anaposhonea hakuna mwanga. Alisema, "Simfukuzi mtu. Meza inakaa bure." Katibu alipinga. Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba kazi yake ni kuandika. Katibu aliandika.

Iliamuliwa Fundi Magauni mwenyewe apigiwe simu, wote wasikie. Alimsalimu kila mmoja. Alipoelezwa ombi alisema, "Mpeni. Ila kwanza mtu aikanyage cherehani nisikie. Huku kimya kimenichosha. Mguu haunyanyuki, lakini nausikia unatafuta kanyagio."

Fundi Suruali alikaa, akaweka pindo la suruali chini ya sindano, akakanyaga.

"Mkanda umelegea," alisema Fundi Magauni. "Nani alikuwa anaitumia?"

Fundi Suruali alikiri kwamba huitumia asubuhi kabla wenzake hawajafika. Wajumbe walicheka, na Fundi Magauni pia.

"Ukaze, kaka. Usije ukaniharibia."

Fundi Suruali aliondoa ombi lake. Alisema ataendelea kushonea mlangoni mpaka mwenyewe arudi, au aseme kwamba harudi.

"Hilo la pili sitalisema," alijibu Fundi Magauni.

Kikao kiliafiki.

KUMB. NA. 5/9: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Wajumbe walipoondoka simu ilikuwa bado hewani juu ya meza ya dirishani. Fundi Magauni alikuwa ameomba isikatwe mpaka Fundi Suruali amalize pindo alilokuwa ameanza. Lilikuwa pindo fupi. Fundi Suruali alilishona taratibu sana.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)