Mtengeneza Piano Alisema Nini

Tassia, Nairobi
Jumatatu asubuhi

Kwako Mama Mwende,

Pokea salamu kwanza, hasira uzipokee baadaye kama bado ziko. Mimi ni mzima, ila lile goti la kushoto unalolijua linajifanya mzee kuliko mimi. Wewe je? Mgongo umetulia? Mvua imefika hapo au bado inazunguka kwa wenzetu wa milimani? Ng'ombe mwekundu amezaa? Nauliza tu kwa heshima, majibu ninayo. Mwende hukupigia kila Jumapili na mimi hukaa karibu nikijifanya nasoma gazeti.

Najua utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Lakini simu yako wewe huiweka spika ukaiegemeza kwenye kibuyu, na dada yako Ndinda anasikiliza mpaka mtu akivuta pumzi. Maneno niliyo nayo leo si ya spika. Na hii ni hati yangu mwenyewe, sikumwomba mtu. Si unajua herufi nilizijua kwa patasi, kwa kuchonga majina ya wageni kwenye bakora, na karakana nzima hakuna aliyewahi kunipita kwa herufi R. Watu wa kalamu wanafuta. Mti haufutiki. Ndiyo maana mimi nikisema neno nimesema.

Sasa soma mpaka mwisho, usiruke.

Miezi mitatu imepita tangu nitoke hapo na mkoba. Nilikuambia nakwenda kumwona mtoto wiki mbili, na wewe na mimi tunajua nilikuwa nakimbia kuku. Maana nilitoka kwa mazishi ya mzee wa kanisa nikakuta umetoa televisheni yetu ya tangu tukikaa Ziwani, umeipeleka ghalani chini ya magunia, na ndani ya kabati langu la kuifungia, kabati la mti wa mukau nililochonga kwa mikono hii miwili, ndovu mmoja kila mlango na ukifunga mikonga yao inagusana, umemlaza kuku juu ya mayai. Kuku! Nikakuuliza. Ukasema, "Kilichokufa hakitaki nyumba. Kuku anataka." Mimi nikasema yangu mengi. Wewe ukaenda kumletea kuku maji. Nikasema sirudi mpaka uniite. Hujaniita.

(Hapa kuna mstari nimeukata. Nitakuambia mbele.)

Hapa kwa Mwende ni ghorofa ya tano. Ndege za abiria zinapita chini mpaka unaweza kusoma maandishi ya matumboni mwake. Ngazi nazipanda bila kupumzika, vijana wa chini wananivulia kofia. Si jambo la kuandika, lakini nimeandika.

Jana baada ya kanisa alikuja Kioko wetu. Amepata mapumziko ya siku moja, lori lake liko gereji. Halafu akaja Halima. Unamkumbuka Halima, mtoto wa Mama Halima, mlango wa kando ya wetu kule Ziwani? Siku hizi ana kibanda cha nyama Kiamaiko, mwanamke mnene mwenye sauti, alikuja na mguu mzima wa mbuzi begani kama bunduki. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Baba Mwende! Wallahi hujabadilika, hata kiburi ni kile kile." Nikamwambia kiburi ni cha mtu aliyekaa bure, mimi ninacho cha kujivunia.

Tulikula. Mwende akasema, "Baba, leo kuna kitu tunataka kukuonyesha." Televisheni yake ni nyembamba kama kikaango cha chapati, imebandikwa ukutani, haina mgongo. Akabonyezabonyeza. Mama Mwende, nisikilize. Ule wimbo ukaanza. Ule wa kipindi chetu cha Alhamisi.

Walikuwa wote pale. Yule mwenye upara anayetengeneza piano za watu, na mkewe mrefu, na watoto wao watatu, na bibi yule wa ghorofani ambaye hateremki. Hawajazeeka hata siku moja. Kitambaa cha meza ni kile kile. Nilidhani wakati televisheni yetu ilipokufa na wao walikwenda. Kumbe wamekaa mahali miaka hii yote wakingoja mtu abonyeze.

Lakini hilo si la ajabu. Ajabu ni hawa wetu. Wimbo ulipoanza Halima akainuka, akaenda bafuni, nikasikia maji. Alikuwa anaosha miguu! Si unakumbuka sheria yangu, mtoto wa jirani haingii kutazama mpaka aoshe miguu bombani? Mwanamke mwenye wajukuu, ameosha miguu, akaja akiacha alama za maji sakafuni. Na Kioko, ndevu zina mvi, kochi lipo kubwa la watu watatu, akakaa chini. Mwende akavua viatu akakaa chini. Wote watatu wamekunja miguu, mimi peke yangu kitini kama zamani. Na kando ya kiti changu, upande wa kulia, wakaacha pengo.

Nikauliza, "Mbona mmebanana huko na hapa kuna nafasi?"

Kioko hata hakugeuka. "Hapo ni pa Mama."

Mama Mwende, nimeona moto ukila karakana, na nimeona ndovu mzima akivuka barabara usiku wa mvua. Sijawahi kuona kitu kama jana mchana.

Basi Mwende akapunguza sauti ya televisheni. "Baba, tafsiri."

"Nyinyi mmesoma. Kiingereza mnakijua."

"Tafsiri, mzee, usilete maringo," Halima akasema. "Kama zamani."

Sasa mimi na wewe tuongee ukweli. Kiingereza changu kilikuwa cha kuwauzia wageni twiga wa kuchonga. Nilijua kusema karibu, mti mgumu, haupasuki. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na televisheni, ufunguo wa kabati uko shingoni mwangu, chumba kimejaa majirani, na wewe kando yangu unauliza, "Amesema nini?" Mwanamume afanye nini? Nilitafsiri. Niliangalia midomo yao na mikono yao nikasema kile ambacho mtu wa namna ile angesema. Ndiyo nikawaambia bibi hateremki kwa sababu mkwe hajamaliza mbuzi wa mahari, na mpaka mbuzi wa mwisho afike yeye atakaa juu. Chumba kizima kilimchukia yule mwenye upara kwa sababu ya wale mbuzi.

Kwa hiyo jana nikaanza. "Bibi anasema, nasikia mlango umefunguliwa, je, ni mbuzi?"

Walianguka, Mama Mwende. Kioko alishika tumbo. Halima alilia mpaka akatumia mtandio kujifuta. Nikaona mambo ni mazuri, nikaongeza. Nikafika pale, unapakumbuka, mama wa nyumba amechukua sanduku, ameondoka, amekaa stesheni ya garimoshi, na yule mwanamume anakuja bila kofia, ana ile nyundo yake ndogo ya piano mfukoni. Anasimama mbele yake anasema maneno marefu. Na mimi nikatafsiri jana vile nilivyokutafsiria wewe wakati ule: "Mwanamume hamfuati mwanamke. Nimekuja kuangalia garimoshi. Kama unataka kurudi, njia unaijua."

Hapo hawakucheka. Wakatazamana.

Halima akasema polepole, "Baba Mwende, sivyo anavyosema."

"Wewe ulikuwa mtoto, ulijua nini?"

"Sasa si mtoto."

"Na mbuzi je?"

"Hakuna mbuzi, mzee. Bibi alikuwa anaumwa miguu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nikaona kumbe wamekuwa wakinicheka tangu mwanzo. Nikainuka nitafute kofia. Goti likakataa, nikarudi kitini, na kwa sababu hiyo nikasikia yale mengine. Mwende akaniwekea mkono gotini akasema, "Baba, hatukucheki. Tulijua zamani. Mama alijua."

Nilimwambia haiwezekani.

Kioko akasema, "Mama Halima alikuwa amesoma mpaka sekondari, umesahau? Ndiyo maana alikuwa anacheka mara mbili, mara moja na wale wa televisheni, mara ya pili na sisi ukimaliza wewe." Na mimi miaka yote nilidhani yule mama ni mzito wa kuelewa! Mungu amrehemu. Kila Ijumaa asubuhi bombani, mkichota maji, alikueleza walichosema kweli. Kila Ijumaa! Na wewe Alhamisi inayofuata unakaa kando yangu, unauliza tena, "Amesema nini?"

Nikawauliza, mbona mama yenu hakuniumbua? Mwende akasema alikuuliza hilo akiwa msichana, ukamjibu, "Ile ya Wazungu ni ya kila mtu. Ya baba yenu ni ya nyumba hii."

Kofia nikaacha kuitafuta. Mimi.

Nikamwambia Kioko, basi kama mlijua ni uongo, mnalilia nini watu wazima, mtu na ndevu zake chini sakafuni kwa sababu ya Mzungu wa piano? Halima ndiye alijibu kwanza. Akasema akifunga kibanda hukitazama kipindi kile peke yake kwenye simu, na wakicheka wale watazamaji wasioonekana yeye husubiri kidogo, kwa sababu kicheko cha mama yake kilikuwa kinakuja nyuma. Kioko akafikiri, akasema, "Baba, siku nyingine zote ulirudi na vumbi la mti na maneno makali. Alhamisi ulifungua kabati. Mimi sikuwa natazama piano. Nilikuwa nakutazama wewe ukicheka, nikiomba usifunge mlango."

Ndege ilipita.

Halafu nikasema, "Halima, alisema nini pale stesheni?"

Wakarudisha nyuma, yule mwanamume akatembea kinyume, akaja upya bila kofia. Halima akaeleza neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Nami nakuandikia alivyosema: "Nilikosea. Nyumba ipo, kila kitu kiko mahali pake, na hakitoi sauti. Najua kutengeneza piano za watu wote, hii yetu siwezi peke yangu. Sikuja kukurudisha. Nimekuja kukaa nawe mpaka useme."

Hayo ndiyo maneno. Na mimi yale yangu ya garimoshi nimeyatumia, Mama Mwende. Uliporudi kwa mama yako mwaka ule wa njaa sikukufuata. Nikasema hata Mzungu wa piano hakumfuata mkewe. Ulikaa huko mpaka mahindi yakakomaa, ukarudi kwa miguu yako mwenyewe na Kioko mgongoni, nikakupokea kama mtu aliyeshinda kesi. Na wewe wakati wote ule ulijua alimfuata. Ulijua hata alichosema. Ulirudi ukakaa kando ya kiti changu, ukaniuliza tena amesema nini. Nimeligeuza jambo hili kutoka jana mpaka alfajiri na sioni mwisho wake. Nimechonga wanyama wote wa nchi hii na sikujua ni nani alikuwa amekaa kulia kwangu.

Basi nisikie. Nilikosea. Juu ya kuku nilikosea, juu ya mwaka wa njaa nilikosea zaidi. Kuhusu herufi R sikukosea.

Ule mstari niliokata hapo juu ulikuwa unasema, "Na mimi bila kuitwa siji." Niliuandika kwanza, kabla sijafika kwenye mambo ya jana. Nimeurudia, nikaukata kwa kalamu mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Tangu nishike kalamu sijawahi kufuta neno, nawe ni shahidi.

Jumamosi nakuja. Kioko ana mzigo wa kupeleka upande huo, atanishusha njia panda. Nasikia wale vifaranga wameshakua na umemlaza kuku wa pili kabatini. Usimtoe. Ila milango usiifunge, apate hewa, ndovu waachane kidogo si vibaya. Televisheni uiache ghalani.

Nisalimie dada yako Ndinda, umwambie barua hii si yake. Nisalimie kaka yangu Mutiso anayetuchungia ng'ombe, na mama mchungaji wa kanisa letu, na mwenye duka wa njia panda, aniwekee tumbaku. Mwende anakusalimu. Halima anasema atakuja kukuona, na ataleta mbuzi, ati amalize ile mahari.

Nikifika usinikaribishe haraka. Weka maji ya mtungi pale mlangoni na uende ukakae mahali pako. Nitaosha miguu kwanza.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende, mchongaji